Madevelopa wetu wanasema "nzuri", kisha wanaacha kazi: dodoso la ndani liandaliweje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naongoza timu katika kampuni ya programu hapa Dodoma. Tuko madevelopa 34. 22 tuko ofisi ya Dodoma na 12 wako Dar es Salaam. Wateja wetu wengi ni taasisi za umma. Mwaka jana idara ya rasilimali watu ilitutumia dodoso la maswali 47. Walijaza watu 19, karibu wote wakaweka alama 4 na 5, na ndani ya miezi miwili watatu wakaacha kazi. Sasa mkurugenzi anataka lirudiwe na kazi amenipa mimi, ila anataka majina yawepo "ili tujue wa kumsaidia". Niulize nini, maswali mangapi, na hili la majina nilifanyeje?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hao watatu walioondoka, kwa sababu ndio wanaokuonyesha dodoso la mwaka jana lilikwama wapi. Inawezekana kabisa nao waliweka 4 na 5, na hawakudanganya. Waliulizwa kama wanaridhika, na mtu aliyelelewa vizuri akiulizwa na mkubwa wake kama anaridhika, hushukuru. Mtu anayeuguza mzazi wake pale Hospitali ya Benjamin Mkapa ukimsalimia atakujibu "nzuri" kwanza. Habari ya mgonjwa itafuata baadaye, tena kama umekaa naye. Dodoso lenu liliishia kwenye salamu.

Kwa hiyo hutatui tatizo kwa kuongeza maswali wala kwa kununua programu ya kisasa ya kukusanyia majibu. Unachotafuta ni yale yanayokuja baada ya "nzuri", na uyatafute kwenye mambo ambayo kampuni yenu ina uwezo wa kuyabadilisha. Swali ambalo jibu lake hamtalifanyia kitu lolote, liondoe, hata kama linapendeza.

Kabla hujafungua fomu yoyote, kaa na watu watano au sita, mmoja mmoja. Chagua wanaotofautiana: mkongwe, mgeni, wa Dar, anayetengeneza programu za simu, anayefanya majaribio ya mifumo. Usiwaulize wanaonaje kazi. Waombe wakusimulie badiliko la mwisho walilolipandisha kwa mteja, tangu walipopewa kazi hadi lilipoanza kutumika, na wafungue kompyuta mkifuatilia pamoja.

Kampuni moja ya hapa mjini niliyoisaidia ilikuwa na kazi zinazofanana na zenu. Kijana mmoja pale alinionyesha badiliko lake la mwisho. Lilikuwa dogo: tarehe kwenye risiti ilikuwa inatoka kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku, na mteja alitaka siku itangulie. Kurekebisha kulimchukua chini ya nusu saa. Kisha akasubiri siku nzima msimbo wake (code aliyoiandika) upitiwe na mwenzake, maana anayeielewa sehemu ya malipo alikuwa mtu mmoja tu, naye yuko Dar. Ulipopitishwa, seva ya majaribio ikawa imezima. Mwenye nenosiri la seva alikuwa likizo Kondoa, na simu yake haipatikani. Seva iliporudi, Alhamisi ilikuwa imeshapita, nayo ndiyo siku pekee waliyokubaliana na mteja kupandisha mabadiliko. Marekebisho ya nusu saa yakamfikia mteja wiki ya pili. Kijana huyohuyo, kwenye swali la "Je, una vitendea kazi vya kutosha?", alikuwa ameweka 4. Na ni kweli, laptopu yake ilikuwa nzuri.

Ona kilichopatikana hapo: mtu mmoja anayebeba maarifa ya malipo peke yake, nenosiri lililoshikwa na mtu mmoja, na siku moja ya kupandisha kwa wiki. Yote matatu kampuni inaweza kuyashughulikia, na hakuna hata moja ambalo lingejitokeza kwenye maswali 47 ya kuridhika. Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo yatakayokupa maswali ya dodoso. Kazi ya dodoso sasa inakuwa kukuambia tatizo hilo ni la kijana mmoja au la nusu ya kampuni.

Watafiti nao wamelifanyia kazi jambo hili. Mwaka 2021 Nicole Forsgren, Margaret-Anne Storey na wenzao walitoa mfumo unaoitwa SPACE, ambao hoja yake kubwa ni kwamba tija ya developa haipimiki kwa namba moja: ukihesabu kazi zilizofungwa peke yake, au mistari ya msimbo peke yake, utapotea. Mwaka 2023 Abi Noda, Storey, Forsgren na Michaela Greiler wakalipanga suala hili kwenye mambo matatu: mtu anapata mrejesho wa kazi yake kwa haraka kiasi gani, anabeba mzigo gani wa mambo ya kukumbuka na kuelewa ili afanye kazi rahisi, na anapata muda gani wa kuzama kazini bila kukatizwa. Mimi huyatumia haya matatu kama makapu ya kupangia maswali baada ya mazungumzo. Usiyachukue maswali ya kampuni ya Marekani ukayaleta yalivyo. Wao hawana mteja anayetaka barua yenye muhuri ndipo afungue ruhusa ya kuingia kwenye seva.

Sasa maswali yenyewe. Yatakayokufaa ni yale yanayomrudisha mtu kwenye tukio, kwa sababu adabu haimzuii mtu kutaja saa. Badala ya "Je, mapitio ya msimbo yanafanyika kwa wakati?", uliza: "Mara ya mwisho ulipoomba msimbo wako upitiwe, ulisubiri muda gani hadi kupata maoni ya kwanza?" Halafu mpe vipimo: chini ya saa 2, siku hiyohiyo, kesho yake, siku 2 au 3, zaidi ya hapo, sikumbuki. Swali la kwanza linamtaka amhukumu mwenzake. La pili linamtaka akumbuke tu.

Mengine ninayoyapenda ni haya. "Wiki iliyopita, ni siku ngapi ulipata angalau saa 2 mfululizo za kufanya kazi bila kuitwa, kupigiwa au kuingizwa kwenye kikao?" "Ukipewa leo mradi usiowahi kuugusa, unadhani itakuchukua muda gani kuuwasha kwenye kompyuta yako?" "Ni sehemu gani ya mifumo yetu unaogopa kuigusa?" Hili la mwisho ni la kuandika kwa maneno, na hunipa mengi kuliko yote. Watu wasiotaja jina la mtu watataja jina la moduli, yaani kipande cha mfumo, bila wasiwasi, na ukiona watu tisa wameandika moduli ileile, umepata kazi ya robo mwaka.

Maswali ya kukubali na kukataa, yale ya ngazi tano ambayo asili yake ni kazi ya Rensis Likert ya mwaka 1932, yana nafasi yake, ila yawe machache na yachanganywe. Yapo yanayosema jambo zuri ("Naweza kupandisha badiliko dogo bila wasiwasi") na yapo yanayosema jambo baya ("Mara nyingi nalazimika kumsubiri mtu fulani ndipo niendelee"). Watu wana tabia ya kukubali chochote kilichoandikwa. Ukiona mtu amekubali yote mawili kwa alama 5, ujue huenda hakusoma. Weka pia chaguo la "halinihusu", la sivyo asiyepandisha mabadiliko kabisa atachagua 3 na kukuharibia hesabu. Na kila swali liulize jambo moja. "Je, unaridhika na zana na uongozi?" ni maswali mawili, na jibu lake halisomeki.

Mambo ambayo mashine zenu tayari zinayajua usiwaulize watu. Mmepandisha mara ngapi mwezi uliopita, mapandisho mangapi yalirudishwa kwa sababu ya hitilafu, ilichukua muda gani kuurudisha mfumo: hayo yamo kwenye Git, inayotunza historia ya msimbo, na kwenye kumbukumbu za seva. Yachukue huko, uyaweke pembeni ya majibu. Vikikinzana, watu wakisema kupandisha ni rahisi wakati kumbukumbu zinaonyesha mapandisho mawili kwa mwezi, hapo ndipo pa kuchimba.

Kuhusu intaneti na umeme, usiulize kwa ujumla. Kila mtu atakuambia umeme unakatika, na wewe si TANESCO. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima tuliona kilichotokea, na hakuna dodoso la kampuni ambalo lingezuia. Lililo mikononi mwenu ni hili: je, kazi inasimama kabisa intaneti ikiyumba? Kama kila anayejenga mradi analazimika kushusha upya vifurushi vya npm au Composer, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ambao mradi unautegemea, kutoka nje ya nchi, basi seva ndogo ya ofisini ya kuhifadhi vifurushi hivyo ni suluhisho mnaloweza kulisimika wenyewe. Uliza kwa upande huo: "Mara ya mwisho intaneti ilipokatika ukiwa kazini, ni kazi gani uliyoweza kuendelea nayo?"

Utashawishika kuweka swali kuhusu akili mnemba. Weka moja, nalo liwe kama hayo mengine: wiki iliyopita uliitumia kwa kazi gani, na nani alilipia. Vijana wengi hulipia mfukoni mwao na kukaa kimya kwa sababu kampuni haijasema kama inaruhusiwa. Hilo ni jambo la kulitolea mwongozo, si la kumkamatia mtu.

Jumla isizidi maswali 15, mawili kati ya hayo yakiwa ya kujieleza, na mtu aweze kumaliza kwa dakika 10 akiwa na simu. Andika kwa Kiswahili, ukiacha maneno ya kiufundi kama mnavyoyasema ofisini, na kwenye maswali ya kujieleza mtu aandike kwa lugha yoyote. Kisha wape watu watatu walijaze mbele yako huku wakisoma kwa sauti. Mahali mtu anaposita, swali lina kasoro.

Sasa majina. Namwelewa mkurugenzi wako, na sidhani ana nia mbaya. Lakini mtu aliyekwisha kuona wenzake watatu wakiondoka hataandika kinachomkera juu ya jina lake. Ukikusanya majina utapata tena 4 na 5, safari hii kutoka kwa watu 34 badala ya 19.

Lakini kuondoa majina peke yake hakutoshi, na hapa ndipo kampuni ndogo hujikwaa. Mkiuliza ofisi, jinsia, timu na miaka kazini, mwanamke pekee wa timu ya simu aliye Dar anajulikana kabla hajaanza kujibu. Kwa watu 34, chagua mgawanyo mmoja tu utakaouhitaji kwa uamuzi, labda ofisi, au labda timu, halafu weka sharti kwamba kundi lenye majibu chini ya matano halitolewi peke yake. Na angalia hesabu ya kutoa: ukionyesha matokeo ya kampuni nzima na ya makundi yote isipokuwa moja, mwenye kalamu atatoa na kupata hilo lililofichwa. Kundi moja likiwa dogo, liunganishe na jingine.

Ya kujieleza nayo humsema mwandishi. Kuna watu wanaojulikana kwa sentensi moja tu. Kwa hiyo maandishi ghafi yasisomwe na mkurugenzi wala viongozi wa timu. Wewe na mtu mmoja anayeaminiwa na wote mtayasoma, mtayapanga kwa mada, na mtayaandika upya kwa maneno yenu. Hili liseme wazi kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu: nani ataona nini, na majibu ghafi yatafutwa lini. Usiahidi kwamba mtu hawezi kujulikana kabisa. Ahidi unachoweza kukitimiza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakusaidia mbele ya bosi: taarifa za mtu hukusanywa kwa kusudi lililotajwa, na zisizidi zinazohitajika kwa kusudi hilo. Kujua seva ya majaribio inazima mara ngapi hakuhitaji jina la mtu.

Jambo dogo lenye uzito: ukitumia Fomu ya Google, zima ukusanyaji wa barua pepe, na usiweke kikomo cha jibu moja kwa mtu. Kikomo hicho kinamlazimisha mtu kuingia kwa akaunti yake, na akiona akaunti ya kampuni juu ya fomu hata umuapie nini hataamini. Bora ubaki na hatari ya mtu mmoja kujibu mara mbili.

Muda. Msifanye kati ya Aprili na Juni. Bunge la Bajeti linakuwa linakaa hapa, mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa tarehe 30 Juni, na wateja wenu wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, wote wanataka mifumo ikabidhiwe kabla ya hapo. Majibu ya kipindi hicho yatakueleza uchovu wa Juni tu. Mimi ningechagua Septemba. Faida nyingine ni kwamba wanafunzi wa field kutoka UDOM na vyuo vingine mara nyingi wanakuwa wanamalizia. Hao usiwape fomu, kaa nao uwaulize kwa mdomo iliwachukua siku ngapi kupata akaunti, kuwasha mradi na kupandisha badiliko la kwanza. Wanakumbuka vizuri kile ambacho wakongwe wamekwisha kukizoea.

Liache wazi wiki mbili, kumbusha mara mbili, na litengewe dakika 20 ndani ya saa za kazi. Ukilituma Ijumaa jioni kwenye kundi la WhatsApp, watu wataelewa kwamba si kazi ya maana. Mkurugenzi mwenyewe alizindue, kwa maneno machache, ataje tarehe ya kurudisha matokeo. Halafu asiulize tena nani amejaza.

Ukishapata majibu, jihadhari na wastani. Tuseme wamejibu 30, na swali la ngazi tano kuhusu urahisi wa kuwasha mradi kwenye kompyuta limepata wastani wa 3.6. Inaonekana si haba. Kumbe watu 16 wameweka 5 na watu 14 wameweka 2: nusu hawana shida hata kidogo na nusu wanateseka. Hakuna mtu hata mmoja aliye na hali ya 3.6. Kwa hiyo chora mtawanyo, kila swali na vijiti vyake. Na mwakani ukiona 3.6 imekuwa 3.8, usipige vigelegele; kwa watu 30, hiyo ni sawa na watu sita kupanda ngazi moja moja, na pengine ni kwa sababu waliokuwa wanaumia wameshaondoka na wageni wameingia. Kamwe alama hizi zisiingie kwenye tathmini ya kiongozi wa timu wala bonasi yake. Siku zitakapoingia, atawaomba watu wake wamjazie vizuri, nao watamjazia.

Matokeo yarudi kwa watu ndani ya wiki mbili, hata kama hayajapambwa. Yawe kwenye kikao kimoja, ofisi ya Dar wakiwa kwenye mtandao, mkiwaonyesha mlichokisikia, mambo mawili mtakayoyafanya na nani anayasimamia, na yale ambayo hamtayafanya pamoja na sababu. Sehemu hii ya mwisho viongozi huikwepa, nami naiona ndiyo inayojenga imani kuliko zote. Mtu akiambiwa "hatutanunua laptopu mpya mwaka huu kwa sababu fedha imeenda kwenye seva" anajua amesikika. Na lipo daima jambo dogo linaloweza kumalizika wiki hiyohiyo, kama vile nenosiri la seva kuwa na watu wawili. Limalizeni kabla ya kikao, mlitangaze limeshafanyika.

Baada ya hapo, mara mbili kwa mwaka inatosha kwa kampuni ya ukubwa wenu: moja kamili, na nyingine ya maswali manne au matano yanayohusu mlichoahidi kukibadilisha. Kuuliza kila mwezi huku hakuna kinachobadilika ni kuwafundisha watu kutokujibu.

Kama mkurugenzi atashikilia majina hadi mwisho, basi usifanye dodoso. Mwambie kwa heshima kwamba kuna njia nyingine inayompa alichokuwa anakitaka, yaani kujua wa kumsaidia: kila timu ikae saa moja na nusu, wachukue mapandisho matatu ya mwisho, wachore kwenye ubao kila hatua na muda uliosubiriwa, na watu wazungumze wakiwa na majina na nyuso zao kuhusu ubao huo. Viongozi wa juu wasikae humo. Timu zilete picha ya ubao tu. Fanya na timu zote, Dodoma na Dar, ndani ya mwezi mmoja, kisha mpelekee picha hizo pamoja na makadirio ya gharama ya kila kusubiri, kwa siku za kazi na kwa shilingi.